Kulenga, Kufuata na Kufokasi: Istilahi na Utaratibu wa Kuweka Kifokasi cha Mota kwenye Darubini, kwa Mfano wa Chakol

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi moja ndogo ya kiufundi, nayo ni kuweka na kurekebisha kifokasi cha mota kwenye darubini ya kupigia picha za nyota. Kazi hiyo tunaitumia kama kipimo cha uwezo wa Kiswahili wa kubeba maelekezo ya sayansi. Mahali tulipopachagua ni Chakol, katika Teso Kusini, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja yetu ni kwamba msamiati unaohitajika kwa sehemu kubwa tayari upo, ama katika fizikia iliyosanifishwa ama katika karakana za mafundi. Kinachopungua ni nidhamu ya kutenganisha dhana zinazokaribiana na kuzipanga kauli kwa mfuatano wa matendo. Makala yanaeleza kwanza istilahi, kisha utaratibu wenyewe pamoja na hesabu zake, na mwisho yanatoa maswali ya mjadala.

1.0 Utangulizi

Ni mazoea ya baadhi yetu kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, siasa na soko, lakini si lugha ya vyombo vya sayansi. Dai hili halitajibiwa kwa hotuba. Litajibiwa kwa kuchukua chombo, kukiweka mezani na kukieleza kwa Kiswahili hadi msikilizaji akiwashe bila kukiharibu.

Mbingu zenyewe hazikosi Kiswahili. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksi itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliitwa Uhuru. Hadi leo wanafalaki wa mataifa yote huviita vyanzo kadhaa vya miali hiyo kwa majina yanayoanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Neno letu limo katika orodha za nyota, ingawa wengi wanaolitumia hawajui maana yake.

Miaka ya karibuni imeleta darubini kwa wananchi. Kundi la The Travelling Telescope, lililoanzishwa na Susan Murabana na Daniel Chu Owen, limekuwa likipeleka darubini katika shule mbalimbali za Kenya. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa kabisa, watazamaji walikusanyika Pakwach nchini Uganda na Sibiloi kando ya Ziwa Turkana. Kutazama kwa jicho kumeanza kuzoeleka. Hatua inayofuata ni kupiga picha, na hapo ndipo kifokasi cha mota kinapoingia.

Kwa nini Chakol? Kwanza, eneo hili liko takriban nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, na kwa hiyo mtazamaji huona karibu nyota zote za kusini na za kaskazini katika mwaka mmoja. Pili, ni mahali ambapo Kiteso, Kiluhya, Kiganda na Kiswahili hukutana kila siku katika biashara ya Busia na Malaba. Fundi wa pikipiki wa Malaba hana budi kumweleza mteja wa upande wa pili wa mpaka kilichoharibika, na mara nyingi hufanya hivyo kwa Kiswahili. Lugha yake ya karakana ni hazina tunayopaswa kuichota.

2.0 Suala la istilahi

2.1 Falaki na unajimu

Katika matumizi ya kawaida neno unajimu hubeba maana mbili: elimu ya nyota na utabiri wa mambo kwa nyota. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana kote Afrika Mashariki kwa jina la mnajimu, naye alikuwa mtabiri. Katika makala haya tunatumia falaki kwa elimu ya kupima na kuchunguza nyota, na tunaliacha neno unajimu kwa utabiri. Hatudai kwamba neno moja ni bora kuliko jingine. Tunadai tu kwamba dhana mbili zinahitaji maneno mawili.

2.2 Vitenzi vitatu

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi katika tafsiri za maelekezo ya darubini. Kitenzi kulenga hutumiwa kwa matendo mawili yaliyo tofauti: kuielekeza darubini kwenye nyota, na kuifanya taswira ya nyota iwe kali. Mtu akiambiwa "lenga tena," hajui kama azungushe darubini nzima au azungushe kizungushio kidogo kilicho nyuma yake. Akikosea, nyota hutoka nje ya picha na kazi huanza upya.

Tunapendekeza vitenzi vitatu. Kulenga ni kuielekeza darubini kwenye nyota, kama mwindaji anavyolenga mshale. Kufuata ni kuizungusha darubini polepole ili iandamane na nyota, kwa kuwa dunia inazunguka na nyota huonekana kusogea digrii 15 kwa kila saa moja. Kufokasi ni kusogeza kamera au lenzi hadi miale ya nyota ikutane mahali kamera ilipo. Fokasi ni neno ambalo mwanafunzi wa fizikia kwa Kiswahili analifahamu, na kulinyambua kuwa kufokasi hakukiuki kanuni yoyote ya mofolojia yetu.

2.3 Kifokasi

Lugha yetu huunda majina ya vifaa kwa kiambishi ki-: kupima hutupa kipimo, kufungua hutupa kifungulio, kuzungusha hutupa kizungushio. Kwa mwelekeo huohuo, chombo cha kufokasia kinaitwa kifokasi. Kikisukumwa na mota, ni kifokasi cha mota. Mota yenyewe ni ya aina inayosogea kwa vipande vidogo vinavyohesabika, nasi tunaiita mota ya hatua. Kila kipande ni hatua moja. Faida ya neno hatua ni kwamba linahesabika kwa urahisi: hatua 10 kuingia, hatua 40 kutoka.

2.4 Kuingia na kutoka

Maelekezo mengi husema "sogeza mbele" na "sogeza nyuma." Mbele ya nani? Mtu aliyesimama nyuma ya darubini ana mbele yake, na darubini ina mbele yake upande wa lenzi. Tunapendekeza kuingia kwa mwendo wa bomba dogo la kamera kuelekea ndani ya bomba kubwa, na kutoka kwa mwendo wa kinyume. Maneno haya hayategemei mahali mtu aliposimama, wala hayabadiliki gizani.

2.5 Mchezo wa gia

Gia mbili hazishikani kikamilifu. Mota inapogeuza mwelekeo, huzunguka kidogo kabla meno hayajagusana tena, na katika muda huo bomba la kamera halisogei. Fundi wa pikipiki akishika gurudumu lililolegea husema kwamba "linacheza." Kutokana na usemi huo tunapata istilahi mchezo wa gia. Ni istilahi ambayo fundi wa Malaba ataielewa kabla haijafafanuliwa, na hicho ndicho kipimo bora cha istilahi.

3.0 Kwa nini mota?

Msomaji anaweza kuuliza: je, mkono hautoshi? Kwa kutazama kwa jicho, mkono unatosha. Kwa picha, mkono una kasoro tatu. Kwanza, kugusa kizungushio hutikisa darubini, na nyota hurukaruka kwenye kioo cha kompyuta hivi kwamba huwezi kujua kama taswira imekuwa kali au la. Pili, mkono hauwezi kurudia mwendo uleule. Tatu, usiku unapopoa darubini hujikunja na fokasi hupotea, na hakuna mtu atakayekesha akirekebisha kila nusu saa.

Usahihi unaohitajika unaweza kuhesabiwa. Kuna upana mdogo ambamo kamera ikikaa taswira huhesabiwa kuwa kali. Upana huu tunauita ukanda wa fokasi. Fomula inayotumiwa sana ni hii: zidisha 4.88 kwa urefu wa wimbi la mwanga, kisha zidisha kwa mraba wa uwiano wa fokasi. Uwiano wa fokasi ni umbali wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha lenzi.

Tuchukue mfano wa darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 100 na umbali wa fokasi wa milimita 500. Uwiano wake ni 5. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa milimita 0.00055, ukanda wa fokasi ni 4.88 × 0.00055 × 25, yaani takriban milimita 0.067. Uwiano ukiwa 7, ukanda ni milimita 0.13. Ukiwa 10, ni milimita 0.27. Kwa hiyo darubini yenye uwiano mdogo hukusanya mwanga haraka, lakini haisamehe uzembe.

4.0 Utaratibu wa kuweka

4.1 Kazi ya bisibisi

Kazi hii ifanywe mchana, mezani. Ondoa kizungushio cha upande mmoja wa kifokasi kwa kulegeza skrubu yake ndogo. Unganisha mhimili wa kifokasi na mhimili wa mota kwa kiungio kinachobanwa kwa skrubu pande zote mbili. Hakikisha mihimili miwili iko katika mstari mmoja ulionyooka. Ikipishana, mota itasukuma kwa nguvu upande mmoja wa mzunguko na kulegea upande mwingine, na hatua zake hazitakuwa sawa. Funga mota kwenye bamba la chuma au alumini, na bamba lenyewe kwenye mwili wa kifokasi, si kwenye bomba linalosogea.

Baada ya hapo, legeza skrubu ya kubana bomba la kamera. Skrubu hii iliwekwa ili kuzuia bomba lisiteleze wakati wa kupiga picha kwa mkono. Ikiachwa imebanwa, mota itazunguka bure au itapoteza hesabu ya hatua.

4.2 Kuchagua mota

Tuseme kizungushio kikizunguka mara moja, bomba husogea milimita 20. Mota ya kawaida yenye hatua 200 kwa mzunguko itasogeza bomba milimita 0.1 kwa hatua. Hiyo ni zaidi ya ukanda wetu wa milimita 0.067, kwa hiyo mota hiyo inaweza kuuruka ukanda wote kwa hatua moja. Haifai ikifungwa moja kwa moja. Lakini ikifungwa kwenye kizungushio cha mwendo mdogo chenye gia ya 10 kwa 1, hatua moja inakuwa milimita 0.01, na inafaa.

Njia nyingine ni mota ndogo ya volti 5 iitwayo 28BYJ-48, ambayo ina gia ndani yake na huhesabu takriban hatua 2048 kwa mzunguko. Kwa kizungushio chetu, hatua moja ni takriban milimita 0.01 bila gia ya nje. Mota hii ni ya bei nafuu, na huendeshwa kwa kibodi kidogo cha elektroniki kama Arduino pamoja na saketi ya kuipa nguvu. Udhaifu wake ni kwamba gia zake zina mchezo mkubwa, na haina nguvu ya kuinua kamera nzito.

4.3 Umeme

Mashambani Chakol mtazamaji atategemea betri. Angalia kwanza volti ambazo kifaa kinahitaji. Unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na uweke fyuzi karibu na betri. Zima umeme, kisha chomoa kebo ya mota. Kebo ikichomolewa wakati umeme unapita, saketi inayoendesha mota inaweza kuungua mara moja.

Mwanafunzi wa Kiswahili aitazame sentensi hiyo: "Zima umeme, kisha chomoa kebo." Sasa ailinganishe na hii: "Chomoa kebo baada ya kuzima umeme." Kisarufi zote mbili ni sahihi, na maana yake ni moja. Lakini anayesoma huku mkono uko kwenye kebo atatenda anapofika kwenye kitenzi cha kwanza. Katika sentensi ya pili kitenzi cha kwanza ni chomoa. Kanuni ya uandishi wa maelekezo basi ni hii: mfuatano wa vitenzi uwe mfuatano wa matendo. Kanuni hii huokoa vifaa.

4.4 Programu, sifuri na kikomo

Kompyuta huzungumza na kifokasi kwa kupitia mfumo wa kiunganishi. Kwa kompyuta za Windows mfumo unaotumika sana ni ASCOM, na kwa Linux ni INDI. Chagua kifaa, chagua mlango ambao kebo imechomekwa, kisha unganisha.

Mota ya hatua haijui ilipo. Inajua tu imetembea hatua ngapi tangu ilipoanza kuhesabu. Kwa hiyo ipe mwanzo: ingiza bomba lote hadi karibu kabisa na mwisho, kisha andika kwamba hapo ni sifuri. Amuru hatua 100 za kutoka na utazame kwa macho yako. Ikiwa bomba linaingia badala ya kutoka, geuza mwelekeo katika programu. Kisha weka kikomo. Bomba letu likiwa na mwendo wa milimita 80, na hatua moja ikiwa milimita 0.01, kikomo ni karibu hatua 8000. Weka pungufu kidogo. Bomba likigonga mwisho, mota huendelea kuhesabu ilhali haisogei, na namba zote zinazofuata huwa za uongo.

4.5 Kupima hatua na mchezo

Usiamini hesabu ya karatasi peke yake. Amuru hatua 2000 za kutoka, kisha pima mwendo wa bomba kwa kalipa ya vernia. Gawanya milimita ulizopata kwa 2000. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha hatua yako.

Kwa mchezo wa gia, sogeza bomba kutoka kwa hatua 200, kisha amuru hatua 5 za kuingia, tena 5, tena 5, huku ukitazama kalipa. Hesabu hatua zilizopotea kabla bomba halijaanza kusogea. Tuseme ni 40. Programu nyingi huruhusu kuiandika namba hiyo. Njia iliyo salama zaidi ni kuhakikisha kila mwendo unamalizikia upande mmoja. Ukitaka kutoka hatua 30, toka hatua 110, kisha ingia hatua 80. Katika darubini ya lenzi inayotazama juu, kamera huning'inia chini, na uzito wake huvuta bomba litoke. Mwendo wa mwisho uwe wa kuingia, yaani wa kuinua kamera, ili meno ya gia yabaki yamekazwa na uzito huohuo.

5.0 Usiku wa kwanza

5.1 Kupata fokasi ya awali

Kabla ya giza unaweza kuifokasi darubini kwenye mti au mnara ulio mbali. Usiielekeze kamwe kwenye jua bila kichujio maalumu mbele ya lenzi. Fokasi ya mti haitakuwa sawa kabisa na ya nyota, kwa kuwa mti uko karibu zaidi, lakini itakufikisha jirani.

Usiku chagua nyota angavu iliyo juu. Kuanzia Desemba hadi Februari, wakati ambapo mvua kwa kawaida hupungua, Sirius hupanda Chakol hadi digrii 73 hivi juu ya upeo. Rigel nayo hupita karibu na utosi. Jina Rigel, kwa njia, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Epuka nyota za chini, kwa sababu mwanga wake hupita katika hewa nyingi na hutetemeka, na upande wa Malaba na Busia taa za mpakani huufifisha upeo.

Funika lenzi kwa barakoa ya Bahtinov, iliyobuniwa na Pavel Bahtinov wa Urusi mwaka 2005. Ni kipande cha plastiki au kadibodi kilichokatwa mistari katika mielekeo mitatu. Nyota ikitazamwa kupitia barakoa hiyo hutoa miale mitatu: miwili hufanya umbo la X, na mmoja hupita kati. Mwale wa kati ukiegemea upande mmoja, fokasi bado. Ukiigawa X katikati sawasawa, fokasi imepatikana. Andika namba ya hatua, kisha uiondoe barakoa.

5.2 Mchoro wa V

Kuanzia hapo kompyuta inaweza kufanya kazi yenyewe. Hupiga picha, hupima ukubwa wa nyota, husogeza kifokasi na kupiga tena. Kipimo chake ni kipenyo cha nusu-mwanga, yaani kipenyo cha duara ambalo ndani yake mna nusu ya mwanga wote wa nyota. Fokasi inavyokaribia, kipenyo hiki hupungua. Ikipita, huongezeka. Ukichora kipenyo dhidi ya namba ya hatua unapata umbo la herufi V, na ncha ya V ndiyo fokasi.

Kosa la kawaida ni kuchagua nafasi isiyofaa kati ya picha na picha. Nafasi ikiwa ndogo mno, vipimo vyote huwa ndani ya ukanda wa fokasi na hakuna V. Ikiwa kubwa mno, nyota hutanuka hadi kompyuta isizitambue. Kwa darubini ya mfano wetu, nafasi ya hatua 6 au 7 hulingana na ukanda mzima wa milimita 0.067. Piga picha 9: nne upande mmoja, moja katikati na nne upande wa pili. Kipenyo katika ncha za V kikiwa takriban mara tatu ya kile cha chini kabisa, nafasi ni nzuri.

V ikiwa na mguu mmoja ulionyooka na mwingine wenye sehemu bapa mwanzoni, shuku mchezo wa gia. V ikiwa pana na chini yake hakuna ncha, tazama lenzi. Huenda umande umeingia. Usiku wa nyanda hizi za karibu na Ziwa Victoria una unyevu mwingi, na mkanda wa kupasha lenzi joto ni wa lazima kama ilivyo betri.

5.3 Joto

Bomba la alumini lenye urefu wa mita moja hufupika takriban mikroni 23 kwa kila nyuzijoto 1 linapopoa. Bomba letu la nusu mita litafupika mikroni 11.5. Tuseme jioni kuna nyuzijoto 26 na alfajiri 18. Tofauti ni nyuzi 8, na bomba limefupika mikroni 92, yaani milimita 0.092. Hiyo ni zaidi ya ukanda wote wa fokasi. Kwa kuwa mtu akianzia katikati ya ukanda ana milimita 0.033 tu kila upande, nyuzijoto 3 zinatosha kumtoa.

Hivyo picha zilizoanza zikiwa kali saa mbili usiku zitakuwa zimefifia kabla ya usiku wa manane, na mpigaji asiyejua atailaumu kamera. Iamuru programu ifokasi upya kila joto linaposhuka kwa nyuzi 2. Baada ya siku kadhaa za kuandika joto na namba ya hatua utapata uwiano wa darubini yako mwenyewe. Usiutumie wa mwingine, kwa kuwa lenzi nayo hubadilika kwa joto, si bomba pekee.

5.4 Saa za Kiswahili na daftari la usiku

Programu nyingi za falaki huandika saa za dunia. Saa za Kenya ziko mbele kwa saa 3. Saa mbili usiku ya Chakol ni 20:00 kwa saa za Kenya na 17:00 kwa saa za dunia. Tarehe ya saa za dunia hubadilika saa tisa usiku, katikati ya kazi. Kiswahili kina suluhisho lake la kale: tunasema usiku wa kuamkia Jumanne, na usiku wote ukawa mmoja, usiokatwa na saa sita. Katika daftari andika hivyo, kisha ongeza saa za dunia kando yake. Hapa lugha yetu haikuhitaji kukopa. Ilikuwa nayo tayari.

6.0 Tatizo la Ikweta

Darubini inayofuata nyota huhitaji mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya mbingu. Uingereza mtu huitafuta nyota ya Polaris, iliyo juu angani. Chakol ncha ya kaskazini iko nusu digrii tu juu ya upeo, imefichwa na miti, vilima na ukungu, na ile ya kusini iko chini ya upeo. Kwa hiyo hapa hutumiwa njia ya kutazama jinsi nyota zinavyopotoka polepole kwenye picha, kisha kuusahihisha mhimili. Njia hiyo inadai nyota kali. Nyota iliyotanuka haina kitovu kinachopimika. Ndiyo maana katika Ikweta kufokasi kunatangulia kufuata, na anayegeuza mpangilio huo hupoteza nusu ya usiku.

Jambo hili lina funzo kwa mtafsiri. Kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Ulaya kikitafsiriwa neno kwa neno kitamwambia msomaji wa Teso aanze kwa kuitafuta Polaris. Tafsiri itakuwa sahihi na maelekezo yatakuwa batili. Mtafsiri wa sayansi anapaswa kujua mahali msomaji wake alipo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kifokasi cha mota kinaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuanzia skrubu hadi mchoro wa V. Maneno machache yamekopwa na kutoholewa, kama fokasi, mota na programu. Mengi yametoka katika lugha ya kila siku: hatua, kuingia, kutoka, mchezo, ukanda. Pale tulipokwama, hatukukwama kwa uhaba wa maneno. Tulikwama kwa kutumia neno moja kwa dhana mbili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki ya karatasi ikiwa mwanafunzi wa Chakol anayetaka kupiga picha ya Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lina mzizi wa kulima, hatapata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumwelekeza. Sisi tunaosomea lugha hii ndio wenye wajibu wa kuuandika ukurasa huo, na kuusoma mbele ya fundi kabla ya kuuchapisha.

Maswali ya mjadala

1. Je, kufokasi ni bora kuliko kunoa taswira? Jadili kwa kuzingatia uwezekano wa mnyambuliko na uelewa wa fundi asiyesoma fizikia.

2. Chukua maelekezo ya kifaa chochote cha nyumbani yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Onyesha sentensi ambazo mfuatano wa vitenzi haulingani na mfuatano wa matendo, kisha uziandike upya.

3. Darubini yenye kipenyo cha milimita 80 ina umbali wa fokasi wa milimita 480. Kokotoa ukanda wake wa fokasi kwa mwanga wa kijani, kisha ueleze jibu lako kwa aya moja ya Kiswahili fasaha ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataielewa.

4. Kusanya kutoka karakana yoyote istilahi kumi za mafundi. Ni zipi zinazoweza kusanifishwa kwa matumizi ya kisayansi, na kwa vigezo gani?